Mzazi Akifungwa, Nani Anamwangalia Mtoto?

Mtoto aliyeshuhudia mzazi wake akifungwa jela huweza kubeba athari zake hadi utu uzima. Nchini Marekani, watafiti waliwafuatilia watoto 1,420 wa magharibi mwa North Carolina tangu miaka ya 1990. Waliwahoji utotoni, kisha wakawarudia walipofika umri wa miaka 19, 21, 25 na 30.

Matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha kuwa karibu mmoja kati ya kila wanne alikuwa na mzazi au mlezi aliyewahi kufungwa. Uwezekano wa vijana hao kupata uraibu wa dawa za kulevya ulikuwa takriban mara sita ya ule wa wenzao, hata baada ya kuzingatia maradhi ya akili na dhiki nyingine za utotoni.

Sababu ni nyingi. Mzazi akichukuliwa, kipato cha nyumbani hupungua, na mtoto huenda akahamishiwa kwa ndugu au shule nyingine. Huona aibu, huogopa kuchekwa, hana wa kumweleza. Hofu ya muda mrefu huvuruga usingizi na homoni za msongo, kama kortisoli. Akifika ujanani, pombe au bangi humtuliza kwa saa chache, na ubongo ambao bado unakua huzoea haraka kuitafuta tena.

Hata hivyo, jela si chanzo pekee. Wapo wazazi waliofungwa kwa sababu ya dawa hizo hizo, na umaskini ulikuwapo kabla ya polisi kufika. Mwaka 2012, mtafiti Joseph Murray na wenzake walichambua tafiti 40: uhusiano na tabia za uvunjaji sheria ulionekana, lakini ule wa dawa za kulevya haukuwa thabiti. Kwa hiyo hakuna mtoto aliyeandikiwa uraibu.

Anachohitaji ni mlezi mmoja wa kudumu na ukweli unaolingana na umri wake. Asidanganywe kwamba baba yuko safarini. Aambiwe kuwa kosa si lake. Pale inapokuwa salama, apelekwe kumwona mzazi. Mwalimu na daktari nao waulize hali yake mapema, kabla hajaonja pombe. Na hakimu anapotoa hukumu, mahakama ijue mtoto atalala kwa nani usiku huo, na nani atamlipia karo.