Majina Yasomwe Yote

Mwenye kuendesha kanisa la kijijini Ukambani mara nyingi si padre. Parokia moja huwa na vigango vingi vilivyotawanyika vilimani na kwenye mabonde makavu, na padre hufika kwa zamu, barabara ikikubali. Jumapili zinazobaki katekista ndiye anayesoma Neno na kuongoza sala. Kuna mama mwenye ufunguo wa mlango, ambaye pia hufua vitambaa vya altare, na kuna mzee anayejua nani mgonjwa, nani ana mtoto ambaye hajabatizwa, nani ameacha kuja na kwa nini. Akifa mmoja wao, kigango huyumba kuliko padre anapohamishwa. Padre mwingine ataletwa. Huyu hana wa kumrithi.

Historia rasmi huwataja wengine. Kitui ilifanywa eneo la kimisionari la peke yake mwaka 1956, chini ya mapadre wa Shirika la Mtakatifu Patriki kutoka Kiltegan, Ireland, ikapandishwa kuwa jimbo mnamo Desemba 16, 1963, siku nne baada ya uhuru wa Kenya. Askofu wake wa kwanza, William Dunne, alistaafu mwaka 1995 na kumpisha Boniface Lele, ambaye baadaye alipelekwa Mombasa. Makueni ilikuwa sehemu ya Jimbo la Machakos hadi Julai 2023, Papa Fransisko alipounda Jimbo la Wote na kumteua Askofu Paul Kariuki Njiru, aliyekuwa Embu, kuliongoza. Hayo yameandikwa. Wasioandikwa ni akina mama waliobeba mchanga wa mtoni kwa karai ili makanisa hayo yajengwe. Walifanya hivyo kwa mwethya, ule utaratibu wa Wakamba wa kukusanyika kufanya kazi ya mmoja au ya wote, ambao umelima mashamba na kujenga mabwawa ya mchanga katika mito ya msimu. Wamisionari waliukuta. Hawakuwa na haja ya kufundisha ushirikiano.

Na mwethya ndio unaorudi mtumishi wa kigango anapofariki. Kabla hata mwili haujatoka mochari, boma hujaa. Wanaume hukata kuni na vijana hupanga zamu ya kuchimba kaburi, kazi ngumu katika udongo wa Kitui unaofika kwenye mwamba upesi. Wanawake huleta maji, na mwaka wa ukame maji ndiyo rambirambi nzito kuliko zote, maana punda ametoka usiku kuyafuata. Sufuria za isyo na muthokoi, vyakula vya mahindi, hupikwa nje. Jioni, jumuiya husali rozari hapo hapo bomani, siku baada ya siku hadi mazishi. Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walipoamua katika miaka ya 1970 kwamba jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ziwe msingi wa kanisa, Ukambani waliupokea uamuzi huo kwa urahisi. Majirani walikuwa wamezoea tayari kusimamiana msibani. Sasa walipata jina la mtakatifu na daftari la mahudhurio.

Tuseme wazi pia kwamba kaburi la mtu wa kawaida ni jambo changa hapa. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyekaa na Wakamba kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia na kuandika kitabu kinene juu yao, alieleza kwamba maiti za wengi zilipelekwa porini zikaachiwa fisi. Kuzikwa kulikuwa heshima ya wachache, hasa wazee wenye hadhi. Mauti yalikuwa najisi, na waliogusa maiti walitakaswa kwa ng'ondu, dawa ya mitishamba. Kwa hiyo susu, yaani nyanya, wa leo anayelazwa kwenye shamba lake, msalaba wa saruji kichwani na jina lake limechongwa, amepata kitu ambacho nyanya wa nyanya yake huenda hakukipata. Hapo misheni ilileta mageuzi makubwa, ingawa sikumbuki kusikia mahubiri yanayoyagusia.

Kuna pia mvutano ambao watu hawapendi kuusema mbele ya wageni. Mbai, yaani ukoo, una haki zake kwa marehemu. Aombe, Atangwa na koo nyingine zina viongozi, vitabu vya michango na kanuni, na asiyechanga akiwa hai huenda watu wa mbai wasionekane kwake siku ya msiba. Kanisa nalo lina kadi ya zaka. Vipo vigango ambako mwenyekiti huifungua kadi ya marehemu kabla ya kukubali misa ya mazishi, na familia huambiwa ilipe malimbikizo. Naona hilo ni aibu. Mama aliyefagia kanisa miaka yote ile hakuwa na deni.

Wapo pia wale wengine, ambao mimi huwafikiria zaidi: mke wa pili, aliyeolewa kimila, aliyekuja kanisani kila Jumapili bila kupokea Ekaristi kwa sababu ya ndoa yake. Alikaa kwenye benchi wenzake walipopanga mstari. Aliwafundisha watoto sala ya Baba Yetu, akawapeleka hadi kipaimara, naye akabaki pale pale. Siku ya kumzika, wenzake wa Chama cha Wanawake Wakatoliki huja na sare zao hata kama hakuwahi kuruhusiwa kuzivaa, na wakishaanza kuimba ni padre jasiri atakayewanyamazisha.

Wasifu usomwao siku hiyo mara nyingi hausemi lolote kati ya haya. Husema alizaliwa lini, alisoma wapi, ameacha watoto wangapi, na yule aliye Nairobi anafanya kazi gani. Ugonjwa hupewa aya nzima pamoja na jina la hospitali. Kisha mwanasiasa huomba kipaza sauti. Maaskofu Wakatoliki wa Kenya walipiga marufuku siasa kwenye ibada mwaka 2021, lakini matanga hayafanyiki altareni, na mheshimiwa anajua kungojea Misa iishe. Utumishi wenyewe hubakia kwa wanawake walio jikoni. Ukitaka kujua marehemu alikuwa nani, kaa nao wanapochambua mbaazi. Hapo ndipo utasikia jinsi mwaitu, yaani mama, fulani alivyomficha msichana mjamzito aliyefukuzwa kwao, au alivyogawa mahindi ya msaada mwaka wa njaa bila hata mmoja kumshuku kwamba alikula.

John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, aliandika mwaka 1969 katika African Religions and Philosophy kwamba marehemu hubaki karibu na walio hai maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Wa mwisho kumjua akishakufa, marehemu huzama katika Zamani. Mbiti alikuwa kasisi wa Kianglikana, lakini alichokieleza huonekana kila mwaka katika parokia za Kikatoliki. Novemba ni mwezi wa kuwaombea marehemu. Familia huandika majina kwenye karatasi, huyatia katika bahasha pamoja na sadaka, na karatasi hupelekwa altareni. Wanaanza na aliyekufa karibuni, wanapanda hadi kwa babu na mama wa babu, mpaka kumbukumbu inapogota. Wajukuu wamepewa majina hayo hayo, hivyo orodha ya wafu inaposomwa huwezi kukosa mtoto anayegeuka akidhani ameitwa.

Novemba pia ndiyo mvua ya kutegemewa Ukambani, na kila mtu anataka kuwahi shambani kabla magugu hayajawahi mahindi. Ndiyo maana katika parokia zenye watu wengi mapadre wameanza kuziacha bahasha kapuni na kuziombea zote kwa mkupuo. Mungu anayajua majina, wanasema. Wazee hawaridhiki. Wapo wanaomfuata katekista nje baada ya Misa, wakitaka karatasi yao isomwe hata kwenye ibada ya Jumapili ijayo ambayo padre hatakuwepo, na katekista, ambaye naye ana palizi yake nyumbani, hukubali. Mimi niko upande wao.