Sofa la Mtumba na Vumbi la Sebuleni

Msomaji wetu wa Tanga amenunua sofa la mtumba lililotoka Uingereza. Chini ya mto limeshonewa kibandiko kinachotaja sigara na kiberiti. Pembeni kitambaa kimechanika, sponji inamong'onyoka, na kila asubuhi akifagia anakuta unga wa manjano umelala sakafuni. Mtoto wake ndiyo kwanza anatambaa. Anauliza: unga huo una madhara?

Kibandiko chenyewe kinaanza kujibu. Tangu 1988 sheria ya Uingereza inataka samani za nyumbani zisishike moto upesi kwa sigara wala kiberiti, na viwanda vimekuwa vikitimiza sharti hilo kwa kutia kemikali za kuzuia moto. California ilitangulia kwa kanuni ya 1975, iliyotaka sponji ihimili mwali kwa sekunde 12. Huko Marekani kemikali iliyotamba kwa miaka mingi ni ya jamii ya PBDE, yenye bromini, ikichukua asilimia kadhaa ya uzito wa sponji. Mkataba wa Stockholm uliziweka aina mbili za jamii hiyo kwenye orodha ya kuondolewa duniani mwaka 2009, na ya tatu 2017. Nyingine zikashika nafasi, nyingi zikiwa za fosforasi. Habari za sheria naziacha hapo, maana kinachonivuta ni safari: kemikali iliyofichwa ndani ya sponji, ikafunikwa kitambaa, inafikaje kwenye damu ya mtu?

Kwanza, haikufungwa popote. PBDE haikuungana na sponji. Ilichanganywa tu, kwa hiyo kila molekuli ina ruhusa ya kuondoka. Ila haiondoki kwa pupa. Uwezo wake wa kugeuka mvuke ni mdogo kuliko wa maji kwa mamilioni ya mara. Kemikali za tabia hii naziita za mvuke mvivu, na jina hilo nalipenda kwa kuwa linaeleza mwenendo mzima: hupaa, lakini hazina haraka, na zikipata pa kutua hutua.

Aliyekulia Pwani anaujua mwendo huu kwa pua. Udi ukitiwa chetezoni, mafuta yake huacha kijiti na kuingia hewani. Chetezo kikipoa, moshi unakwisha, madirisha yanafunguliwa, hewa yote ya chumba inabadilika. Lakini kesho yake mgeni akiingia bado anasikia harufu. Inatoka wapi, na hewa ya jana imeshakwenda zake? Inatoka kwenye mapazia, kwenye godoro, kwenye nguo zilizotandikwa juu ya tenga zikafukizwa. Vyote viliinywa harufu, sasa vinaitema kidogo kidogo. Ifungie kanga ya harusi kabatini, na baada ya wiki hata kanga ya jirani yake, ambayo haikuona moshi, itanukia. Harufu imehama kutoka kitambaa hadi kitambaa bila kuguswa na mtu. Sofa nalo hufukiza nyumba hivyo hivyo, ila fukizo lake halina harufu na huendelea kwa miaka. Halihitaji kaa la moto. Joto la chumba linatosha, na chini ya bati saa saba mchana utokaji huongezeka.

Katika fukizo hilo, kitambaa kinachonywa ni vumbi. Vumbi la ndani ni magamba ya ngozi yetu, nywele, nyuzi za nguo, masizi na udongo wa viatuni, vyote vikiwa na mafuta mafuta. PBDE hupenda mafuta, na chembe jinsi zilivyo ndogo ndivyo zinavyokuwa na eneo kubwa la kunywea. Kijiko cha vumbi kinaweza kubeba PBDE nyingi kuliko hewa yote ya chumba lilimolala. Na ndani ya nyumba hakuna mvua ya kuliosha wala jua kali la kuivunja kemikali.

Kuna njia ya pili, ninayoipenda zaidi kwa jinsi ilivyogunduliwa. Deka-BDE, aina ya PBDE iliyokuwa ikitiwa kwenye maganda ya televisheni, ni nzito mno hata kwa mvuke mvivu, lakini ilikuwa imejaa vumbini. Mwaka 2009 Thomas Webster na wenzake wa Boston walilichunguza vumbi kwa darubini ya elektroni. Bromini haikuwa imeenea kote. Ilikuwa imejikusanya kwenye chembe chache, na huko ilikuwa nyingi. Yaani vilikuwa vipande vya bidhaa yenyewe vilivyomenyeka kwa kuchakaa. Unga wa Tanga ni wa njia hii.

Hatua ya mwisho ni mkono. Heather Stapleton wa Chuo Kikuu cha Duke alifuta viganja vya watoto wadogo wa North Carolina, akalinganisha na damu yao: wenye PBDE nyingi mkononi walikuwa nayo nyingi mwilini. Kwa wafanyakazi wa ofisi Boston, walionawa mara chache kwa siku walikutwa na takribani mara tatu ya walionawa mara nyingi, palepale viganjani. Mamlaka ya mazingira ya Marekani ilikadiria mwaka 2011 kwamba mtoto wa kuanzia mwaka 1 hadi chini ya miaka 6 humeza miligramu 60 za vumbi la ndani kila siku, mtu mzima 30. Mtoto ana mwili mdogo, na ubongo wake bado unajengwa kwa msaada wa homoni za dundumio, ambazo PBDE zinafanana nazo kwa umbo. Kiasi ndicho huamua madhara, na si kila sofa lina kemikali hizi.

Kwa msomaji wetu: shonea kitambaa kizito pale palipochanika, leo ikiwezekana. Usifagie unga ule ukiwa mkavu. Piga deki, na kitambaa cha kufutia kiwe kibichi. Mito ikung'utiwe nje. Mtoto anawe kwa sabuni kabla ya kula, hata kama ameshinda ndani. Sofa likichakaa kabisa, usiwape watu sponji yake wakaikatakata kujazia mito ya kulalia, na usiichome uani, kwa sababu kemikali zenye bromini zikiungua huweza kuzaa dioksini, ambazo ni sumu kali kuliko kemikali tuliyoanza nayo.