Sura ya Tano: Mshipi Usio na Chubwi

Kabla gari la kulala ndani halijafika Ifakara, Wandamba wa bonde la Kilombero walikuwa wanahama na mto. Maji yakipungua wanapiga kambi ukingoni, wanavua, wanakausha samaki. Maji yakijaa wanaondoka. Msafiri mwenye nyumba ya magurudumu anafuata mwendo huohuo. Kigeni ni mshipi wake.

Mvuvi wa kawaida hufunga chubwi, na uzito huo ndio unaoipeleka ndoana majini. Chambo cha manyoya hakina uzito. Ni ndoana iliyovishwa manyoya na nyuzi ifanane na mdudu au kisamaki, na ukiirusha hivihivi inakuangukia miguuni. Kwa hiyo uzito umewekwa kwenye mshipi wenyewe, mnene na mzito. Unauinua kwa ufito, unaurusha nyuma, unangoja. Kwenye kungoja ndipo wengi wanaposhindwa: ukiusukuma mbele kabla haujanyooka nyuma yako, unaalika kama kiboko na chambo kinakatika. Jifunzie uwanja wa mpira. Watoto watakucheka kwamba unavua nyasi, waache wacheke.

Kenya waliozoea mchezo huu wana trauti, waliopandikizwa mito ya Aberdare mwaka 1905. Huku hakuna mpole wa namna hiyo. Katika Mnyera na Ruhudji, mito inayoteremka kutoka nyanda za juu na kukutana kuwa Kilombero, anakaa Hydrocynus tanzaniae, aliyepewa jina hilo la kitaalamu mwaka 1986. Hydrocynus maana yake ni mbwa wa maji. Meno yake yako nje hata akifumba mdomo, na uzi wa nailoni kwake ni mlenda, ndiyo maana kati ya mshipi na ndoana hufungwa kipande cha waya wa chuma. Mdomo wake ni mfupa mtupu. Akishika, usiinue ufito kama wafanyavyo wavuvi wa trauti. Vuta mshipi kwa mkono, kwa nguvu, mara mbili tatu. Ataruka juu ya maji akitikisa kichwa, na mara nyingi ndoana itachomoka. Mimi nasema ukimpata mmoja kati ya watano, umeshakuwa mvuvi.

Kuhusu kambi, kuna kiboko wa pili, yule wa miguu minne. Usiku hupanda kula majani, na ana njia zake. Ukiona mfereji uliokanyagwa kutoka majini, egesha gari mbali nao. Usisimame majini pia, mamba wapo. Sehemu kubwa ya bonde ni eneo la hifadhi, hivyo ulizia kibali Ifakara kabla hujaanza safari.

Msimu ni kiangazi, Agosti hadi Novemba, maji yakiwa machache na meupe. Mvua ya kwanza ikinyesha, ng'oa kambi siku hiyohiyo: gari zito likinasa kwenye udongo mweusi wa bondeni, hutolewa kwa trekta.