KUNUNUA NA KUPATANA BEI KATIKA MASOKO YA ARUA

Kila muhula unapoanza, wanafunzi wageni huuliza swali moja: "Nikienda sokoni na shilingi zangu chache, nifanye nini nisipunjwe?" Swali hili ni jema, lakini lina nusu ya pili ambayo haiulizwi mara nyingi: nifanye nini nisimpunje yule aniuziaye? Nimeona vema kueleza nusu zote mbili, maana soko la Awindiri, soko kuu la mjini Arua na soko la Koboko hufuata desturi zinazofanana.

Kwanza yafaa tujue kwa nini vitu ni vingi huku kwetu. Kutoka Kampala mpaka Arua ni mwendo wa kilomita 500 hivi, lakini mpaka wa Kongo u karibu sana. Mtu mwenye baiskeli aweza kwenda na kurudi siku ile ile. Koboko yenyewe imepakana na nchi mbili, Kongo na Sudani Kusini, na lori za Sudani Kusini hupitia Oraba. Mipaka hii si ya zamani sana. Nchi hii ilikuwa sehemu ya Lado, ambayo Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikodishiwa mwaka 1894. Alikufa mwaka 1909, Lado ikatiwa katika Sudani, na mwaka 1914 sehemu ya kusini ikatiwa katika Uganda. Waliochora mstari hawakuwauliza Walugbara, ambao leo wako Uganda na Kongo, wala Wakakwa, ambao wamegawanyika katika nchi tatu. Lakini ndugu hawakuacha kutembeleana wala kuuziana. Ndiyo sababu sokoni husikika Kilugbara, Kilingala, Kinubi na Kiswahili, na mtu asiyejua lugha ya mwenzake hutumia Kiswahili kama daraja.

Sasa tuingie penye chakula. Hapo utaona unga wa muhogo, ambao ukichanganywa na unga wa mtama au ulezi hupikwa enyasa, chakula chetu cha kila siku. Utaona maharagwe, simsim, karanga zilizosagwa, mboga za majani, asali, na mawese mekundu kutoka Kongo. Utaona pia angara, samaki aliyekaushwa kwa chumvi, ambaye huletwa kutoka Ziwa Albert. Kila kitu kina namna yake ya kukaguliwa. Mgeuze angara umtazame tumboni. Akimwaga unga unga, wadudu wamekwisha kumla. Tafuna punje chache za simsim, maana mchanga hujulikana kwa meno. Tena tazama kitako cha kikombe cha kupimia, kwa kuwa kikombe kilichobonyezwa chini hakichukui sawa na kikombe kizima. Kukagua hivi si ufidhuli, na muuzaji mwaminifu hachukizwi nako.

Lakini jambo kubwa ni bei, na hapa wengi hukosea. Hudhani kwamba kila bei ya sokoni yafaa kupunguzwa, na kwamba asiyepunguza ni mjinga. Sivyo. Zipo bei za namna mbili.

Namna ya kwanza ni bei ya fungu. Mama wa nyanya ameketi chini, mbele yake mafungu yamepangwa sawasawa, na kila fungu lina bei yake. Tuseme amenunua sanduku la nyanya kwa shilingi 50,000, akapata mafungu 60 ya shilingi 1,000 kila moja. Akiyauza yote atapata 60,000. Toa 50,000 za sanduku, toa na 4,000 za pikipiki na ushuru wa soko. Zimebaki 6,000, na hizo ndizo ujira wake wa siku nzima juani. Sasa kila mnunuzi akimpunguzia shilingi 100 tu, mafungu 60 yatampotezea shilingi 6,000. Atarudi nyumbani bila kitu, na wanunuzi wote 60 watajisifu kwamba wamepata rahisi! Tena hatujahesabu nyanya zilizooza.

Kwa sababu hiyo, penye fungu desturi yetu si kuvunja bei bali ni kuomba nyongeza. Mnunuzi hulipa bei iliyotajwa, kisha husema kwa adabu, "Mama, nyongeza basi." Mama akiweza, huongeza nyanya moja, asipoweza husema, "Mwanangu, leo hazikutoka," nawe unamshukuru na kwenda zako. Ukitaka rahisi zaidi, nenda jioni, maana mboga za majani hazilali, na muuzaji mwenyewe hupenda kuunganisha mafungu mawili kuliko kuyatupa. Hapo mmefaidi wote wawili.

Namna ya pili ni bei ya kutajiwa, kama ya vitenge, viatu na mitumba. Hapa bei ya kwanza ni mwanzo wa mazungumzo tu, na muuzaji mwenyewe angojea ujibu. Jibu bila haya, lakini ujue unachonunua. Kitenge cha nta cha kweli kina rangi sawa pande zote mbili. Kile kilichopigwa chapa upande mmoja hufifia kwa nyuma, na thamani yake ni ndogo. Jina la kiwanda kilichoandikwa pembeni lisikutishe, maana kiwanda cha Vlisco kimetengeneza nguo huko Helmond, Uholanzi, tangu mwaka 1846, na wanaoiga jina lake ni wengi. Geuza nguo kwanza, ndipo utaje bei.

Mambo haya si ya kwetu peke yetu. Huko Japani, katika mji wa Tokyo, karibu na stesheni ya Ueno, kuna mtaa mwembamba wa maduka uitwao Ameyoko, ambapo watu huuza samaki, matunda, viatu na nguo kwa kupiga kelele. Ulikua baada ya vita kwisha mwaka 1945, wakati chakula kilipokuwa haba na watu wakaishi kwa magendo. Hata Arua iliwahi kujulikana kwa vijana walioitwa Opec Boys, waliouza petroli ya magendo katika madumu kando ya njia. Basi huko Ameyoko muuzaji wa chokoleti hutaja bei, kisha hujaza mfuko mbele ya watu, akiongeza pakiti moja, na nyingine, na nyingine tena, na bei yabaki ile ile. Mama yeyote wa Awindiri angeelewa mara moja: hiyo ni nyongeza.

Nawaomba wenzangu mkumbuke jambo moja mwendapo sokoni. Wengi wetu tunalipiwa karo kwa fedha za mafungu: ya nyanya, ya mihogo, ya dagaa. Wanafunzi wa zamani wasomao gazeti hili, ambao sasa ni waalimu, madaktari na makarani, wanajua hayo kuliko mimi. Mtu akinyang'anya shilingi 100 katika fungu huenda anainyang'anya karo ya mwenzake wa dawati moja. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza pia. Kagua vizuri, patana bei penye kupatana, na penye fungu lipa, kisha uombe nyongeza kwa adabu.