Je, Wajua? Kiti cha Gari Kinachotoka Nje Kumpokea Abiria

Kati ya Toyota Noah zinazoshushwa bandarini Dar es Salaam, zipo chache ambazo kiti kimoja cha safu ya pili hakifanani na vingine. Ukibonyeza kitufe, kiti hicho hugeuka nyuzi 90 kuuelekea mlango wa kushoto, hutoka nje chote, kisha hushuka taratibu hadi karibu na kimo cha kiti mwendo. Mtu huhamia juu yake, hufunga mkanda, na kiti hupanda, huingia na kugeuka mbele kana kwamba hakijawahi kutoka. Kinachofanya kazi yote hiyo ni mota ya umeme inayotumia betri ileile ya gari ya volti 12. Toyota huyaita magari yake ya aina hii Welcab, nayo yalitengenezewa wazee na watu wenye ulemavu wa Japani. Yakishatumika huko huuzwa mnadani kama gari lolote, ndiyo maana baadhi huishia Afrika Mashariki. Nadai kwamba kwa familia ya Handeni au Korogwe, mkoani Tanga, yenye mtu anayetumia kiti mwendo, hiki ndicho kifaa cha kutafutwa kwanza, kabla ya gari la njia mteremko ya kupandishia kiti mwendo linalosifiwa Ulaya na Marekani, na kabla ya gari la juu linaloendeshwa na magurudumu yote manne ambalo wengi hulifikiria kwa sababu ya barabara.

Ugumu wa kuchagua gari katika wilaya hizi unatokana na mambo mawili yanayovutana. Barabara inataka gari la juu. Lami ipo kutoka Korogwe hadi Handeni na kutoka Mkata hadi Handeni, na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi inapita Segera, Korogwe na Mombo. Lakini watu wengi hawaishi kandokando ya lami. Anayetoka vijiji vya ndani vya Handeni hupita udongo unaokatwa na maji wakati wa masika, na anayeshuka kutoka Bungu, Vugiri au Dindira hupita makorongo na kona za milima ya Usambara. Mwili nao unataka kiti cha chini. Kiti mwendo cha kawaida kina kimo cha karibu sentimita 50 kutoka ardhini. Mtu aliyepooza miguu anapohama bila kubebwa, mikono na mabega yake ndiyo hunyanyua kilo 60 au 70 za mwili wake, na kila sentimita inayoongezeka huzidisha kazi hiyo. Land Cruiser ya juu humtaka apande kama anayekwea dirisha. Mabega hayakuumbwa kufanya kazi ya miguu: maumivu ya bega ni moja ya malalamiko makubwa ya watu waliotumia kiti mwendo kwa miaka mingi, na kuhama huku na huku kila siku ni sababu mojawapo. Basi gari linaloipendeza barabara huumiza bega, na gari linalolipendeza bega hugonga tumbo kwenye matuta ya njia ya kijijini. Kiti kinachoshuka huumaliza mvutano huo, kwa sababu gari hubaki na kimo chake na kiti ndicho kinachomfuata mtu chini.

Wengi watauliza kwa nini mtu asiingie akiwa juu ya kiti mwendo chake, bila kuhama kabisa. Njia hiyo ina historia ya kuheshimika. Mmarekani Ralph Braun, ambaye mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa kudhoofika misuli, aliunda lifti ya kupandisha kiti mwendo ndani ya gari katika miaka ya 1960, na mwaka 1991 kampuni yake ikatoa gari dogo la familia lililokatwa sakafu na kushushwa chini ili njia mteremko iwe fupi. Sakafu ilishushwa kwa sababu ya hesabu. Chukua mtu wa kilo 70 kwenye kiti mwendo cha kilo 20. Ikiwa sakafu ya gari iko sentimita 70 juu ya ardhi na ubao wa mteremko una urefu wa mita 2, anayesukuma hupambana na nguvu inayolingana na kunyanyua kilo 31, na akiteleza katikati, mzigo wote humrudia. Ukitaka mteremko wa kipimo kinachopendekezwa kwenye majengo, yaani kimo kimoja kwa urefu wa kumi na mbili, utahitaji ubao wa mita 8 na zaidi, ambao hakuna gari la kuubeba. Ukishusha sakafu hadi sentimita 30 na kutumia ubao wa mita moja na nusu, nguvu hupungua hadi kilo 18 hivi. Ndiyo faida ya magari ya Braun. Hasara yake kwetu iko palepale penye faida: sakafu iliyoshushwa imekula nafasi kati ya gari na ardhi, na nafasi hiyo ndiyo inayomvusha mtu kwenye korongo la kwenda kwao. Zaidi ya hapo, hesabu nilizotoa zinadhani ardhi ni tambarare na kavu. Kwenye kilima cha Vugiri, au kwenye tope la Aprili, ubao huohuo huinama upande au huzama.

Lipo jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi, nalo ni upande wa mlango. Marekani huendesha kulia, kwa hiyo njia mteremko za pembeni za magari yake hufunguka kulia, upande wa kando ya barabara yao. Lilete gari hilo Korogwe na mlango utafungukia katikati ya barabara, yanakopita mabasi ya Arusha. Japani huendesha kushoto kama sisi. Kiti kinachotoka kwenye Noah hutokea kushoto, kwenye ukingo, mahali ambapo mtu mwenye kiti mwendo anaweza kusogea bila kupigiwa honi. Hili halihitaji kurekebishwa na fundi yeyote, limekuja limeshatatuliwa.

Usalama nao unaegemea upande huohuo. Kiti cha gari kimefungwa kwenye sakafu, kina mkanda wake na kiegemeo cha kichwa. Kiti mwendo hakikuundwa kwa kazi hiyo isipokuwa kiwe cha aina maalumu. Vipimo vya kimataifa vya viti mwendo vinavyoruhusiwa kukaliwa ndani ya gari huvigongesha kwa mwendo wa kilomita 48 kwa saa, kwa mshtuko unaokaribia mara 20 ya uzito. Kiti cha kilo 20 hapo huvuta kama kilo 400, na mtu wa kilo 70 hurushwa mbele kwa nguvu ya kilo 1,400. Ndiyo sababu hutakiwa mikanda minne ya kufungia kiti sakafuni, miwili mbele na miwili nyuma, na mkanda mwingine wa mtu mwenyewe unaopita begani na nyongani. Kamba ya katani haiwezi kazi hiyo, hata katika nchi ya mkonge. Baiskeli za miguu mitatu zinazochomelewa na mafundi wetu ni imara kwa njia ya vumbi, lakini hazikujaribiwa kwa ajali ya gari. Kwa hiyo ushauri wa kawaida wa wataalamu ni kwamba anayeweza kuhama akae kwenye kiti cha gari, na kiti mwendo kikunjwe na kufungwa vizuri nyuma kisije kikawa jiwe la kumpiga.

Hapo pana pingamizi la haki kabisa: wapo wasioweza kuhama. Aliyevunjika shingo na kupooza mikono na miguu, mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye mwili wake unahitaji kiti kilichochongwa kumfuata, au mtu mwenye kiti cha umeme kinachozidi kilo 100, hao hawasaidiwi na kiti kinachoshuka. Kuwalazimisha wabebwe mikononi ni kuwadhalilisha na mara nyingine ni kuwaumiza. Kwao gari linalofaa ni lile la kuingia kwa nyuma, na tena Wajapani wanalo: Hiace yenye lifti ya umeme mlango wa nyuma, au Noah yenye njia mteremko ya nyuma. Hiace naipendelea zaidi kwa eneo hili, kwa kuwa paa lake ni la juu, lifti yake haitegemei sakafu kukatwa, na dripu za hospitali na mizigo ya safari ya hospitali ya KCMC, Moshi, vinapata mahali. Lakini mnunuzi ahesabu mikanda ya kufungia kabla ya kulipa. Gari likija na lifti bila mikanda, limekuja nusu.

Pingamizi la pili hutoka kwa mafundi: mota na nyaya za ziada zitaharibika, na nani atazitengeneza Handeni? Swali zuri, ila hofu yake imezidi. Kuinua mtu wa kilo 70 pamoja na kiti cha kilo 40 kwa sentimita 40 ndani ya sekunde 20 ni kazi ya wati 22 tu. Zidisha mara tano kwa ajili ya msuguano na upotevu, utapata wati 110, sawa na taa mbili za mbele za gari. Huo ni umeme ambao fundi yeyote wa umeme wa magari pale Korogwe anaujua: fyuzi, rilei, swichi, mota. Adui wa kweli ni vumbi. Vumbi jekundu huingia kwenye reli za kiti, hukamatana na grisi na kuwa kama msasa, kwa hiyo reli zifutwe mara kwa mara na zisipakwe grisi nzito. Kabla ya kununua, kiendeshwe kiti mara kadhaa mfululizo kikiwa na mtu mzima juu yake, isomwe alama ya uzito wa juu kinaoruhusu, na muuzaji aonyeshe jinsi ya kukirudisha ndani kwa mkono umeme ukikatika. Zaidi ya hapo gari lenyewe ni Noah ile inayojulikana kila gereji, na vipuri vyake havihitaji kuagizwa mbali. Gari lenye kifaa kimoja maalumu juu ya mwili wa kawaida litadumu Handeni kuliko gari ambalo kila kipande chake ni cha pekee.

Mtu mwenye ulemavu anayetaka kuendesha mwenyewe ana hesabu nyingine. Miguu isipofanya kazi, gari liwe la otomatiki, kisha lifungwe mkono wa chuma unaounganishwa na pedeli: ukisukuma unafunga breki, ukivuta au kuzungusha unaongeza mafuta. Kazi hiyo ni ya fundi makini, kwa kuwa breki lazima ifike mwisho kwa nguvu ya mkono mmoja bila chuma kujipinda. Wengine watasema bajaji inatosha, na wana sababu. Mafuta, klachi na gia za bajaji viko mikononi tayari, na kinachobaki mguuni ni breki, ambayo huweza kuhamishiwa kwenye mkono. Dar es Salaam wapo madereva wenye ulemavu wa miguu wanaolisha familia kwa bajaji. Kwa mjini Korogwe au Chanika ya Handeni naikubali. Kwa barabara kuu siikubali. Uingereza iliwapa raia wake wenye ulemavu vigari vya magurudumu matatu kwa miaka mingi baada ya Vita Kuu ya Pili, vikajulikana kwa kuyumba na kupinduka, hadi mwaka 2003 vikapigwa marufuku barabarani. Mtu anayekwenda kliniki Moshi hastahili kusafirishwa kwa chombo ambacho upepo wa basi unakitikisa.

Inabaki bei, na ndilo pingamizi zito kuliko yote. Familia nyingi za wakulima wa mahindi Handeni hazitanunua Noah yoyote, yenye kiti cha ajabu au isiyo nacho. Naona jibu haliko katika kila nyumba kumiliki gari, bali katika gari moja la biashara kuwa la aina inayomfaa kila abiria. Noah yenye kiti kinachoshuka bado hubeba abiria wengine siku zote ambazo mwenye kiti mwendo hasafiri. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Kikundi kinachofikiria bodaboda nyingine kingeweza kufikiria chombo hiki. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 nayo inataja magari yaliyotengenezwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu katika orodha ya msamaha wa ushuru. Msamaha huo huombwa, haujileti, na busara ni kuuliza Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla gari halijapandishwa melini. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeweka haki ya kufikika, lakini haki hiyo haina maana kwa aliyeshindwa kutoka Kwamsisi kwenda hospitali kwa sababu hakuna gari aliloweza kupanda.

Ndiyo maana nina ombi kwa mwenye Noah, awe wa Segera, Mkata, Mombo au Chanika. Ukikuta gari ulilonunua lina kiti kinachotoka nje, utashawishika kumwambia fundi aking'oe ili upate nafasi ya abiria mmoja zaidi. Usiking'oe. Kijaribu, kifute vumbi, kisha waambie zahanati ya karibu, ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri na chama cha watu wenye ulemavu cha wilaya kwamba gari lipo na namba yako ya simu ni hii.