Sanduku la Kompyuta Lisilo na Kelele

Wahenga walisema: debe tupu haliachi kuvuma. Methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya watu wenye maneno mengi na akili chache, lakini yafaa pia kwa kitu ambacho wahenga hawakupata kukiona, nacho ni sanduku la kompyuta. Sanduku la bati jembamba, lenye feni ndogo ziendazo mbio ndani yake, huvuma tangu kuwashwa hata kuzimwa.

Katika komini ya Bulengera, hapa mjini Butembo, jambo hili si dogo. Nyumba nyingi zina chumba kimoja tu cha kukalia. Humo baba huandika hesabu za duka, humo mwanafunzi hujitayarisha kwa mtihani wa Serikali, na nyuma ya pazia mtoto mchanga amelala. Kompyuta ikiwashwa saa mbili za usiku, wote huisikia. Hali ni hiyo hiyo katika chumba cha walimu, na katika vile vibanda ambamo vijana huchapa kazi za wanafunzi wa vyuo kutwa nzima. Basi twajiuliza: mtu mwenye fedha kidogo aweza kupata mashine tulivu? Jibu ni ndiyo, lakini njia yenyewe si ile ambayo wauzaji hutuonyesha.

Je, kelele ina madhara?

Wengine watasema: “Kelele ya feni ni nini? Mtu huizoea.” Ni kweli kwamba sikio huzoea, lakini akili huendelea kulipa gharama. Mwaka 1975, huko New York, Arline Bronzaft na mwenzake walichunguza shule moja iliyojengwa kando ya reli. Wanafunzi wa madarasa yaliyoelekea reli walikuwa nyuma katika kusoma kuliko wenzao wa upande wa pili wa jengo lile lile, na wale wa darasa la sita walikuwa nyuma karibu mwaka mzima. Kelele ilipopunguzwa, utafiti wa mwaka 1981 ulionyesha kwamba tofauti ile imetoweka.

Kompyuta haipigi kelele kama gari la moshi, la hasha. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilishauri kelele ya darasani isizidi desibeli 35 wakati wa masomo, na ya chumba cha kulala isizidi 30. Kipimo hicho ni kama mnong'ono. Mashine mbovu iliyowekwa mezani, karibu na sikio, hukipita upesi.

Kelele yatoka wapi?

Chanzo cha kwanza ni joto. Prosesa ikifanya kazi hupata moto, na feni huzunguka ili kuupoza. Joto likizidi, feni hukimbia, na feni ikikimbia hupiga kelele. Kwa hiyo sanduku tulivu si lile lililozibwa kila upande, bali ni lile lipumualo vema. Mtu azibaye matundu ili asisikie sauti ni kama afungaye kifuniko cha chungu ili maji yasichemke.

Chanzo cha pili ni diski ya zamani izungukayo. Nyingi huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mtikisiko wake huingia katika bati. Ndipo lile debe letu linapoanza kuvuma.

Chanzo cha tatu ni bati lenyewe. Bati jembamba hutetemeka na kuikuza sauti kama ngozi ya ngoma.

Sasa sikilizeni kanuni moja inayofaa kukumbukwa. Mwendo wa feni ukipunguzwa kwa nusu, hewa hupungua kwa nusu, lakini kelele hupungua kwa desibeli 15 hivi, yaani sikio husikia chini ya nusu ya sauti ya kwanza. Na feni mbili zilizo sawa, zikizunguka pamoja, huongeza desibeli 3 tu juu ya sauti ya moja. Maana yake, feni mbili za polepole huleta hewa karibu sawa na feni moja ya mbio, tena kwa utulivu mwingi zaidi. Vilevile feni yenye upana wa milimita 120 ina eneo mara mbili na robo ya ile ya milimita 80, hivyo haina haja ya kukimbia.

Hewa ya Butembo ina mambo yake. Mji wetu uko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa sehemu 15 hivi katika 100. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Lakini hewa hiyo hiyo ni ya baridi, na baridi yatulipa tulichopunguziwa. Adui yetu mkubwa ni vumbi jekundu la barabara wakati wa kiangazi.

Kabla ya kutoa fedha

Mtu mwenye busara huanza na yale yasiyodai hata faranga moja.

Kwanza, zima mashine, ondoa waya wa umeme, fungua ubavu wa sanduku, utoe vumbi kwa burashi laini. Shika feni kwa kidole ili isizunguke unapopuliza. Mara nyingi kelele yote ni ya vumbi lililojaa katika mapezi ya chuma juu ya prosesa.

Pili, ondoa sanduku juu ya meza. Meza ya mbao nyembamba ni ngoma ya pili. Ukilishusha chini kutoka nusu mita hadi mita moja na sikio lako, utapunguziwa desibeli kadhaa. Lakini usiliweke juu ya sakafu penye vumbi. Liinue kwa matofali mawili, na juu yake weka vipande vya mpira wa ndani wa pikipiki uliochakaa. Usilisukumize ukutani, maana mgongo wake hutoa hewa ya moto.

Tatu, kata vipande vidogo vya mpira huo huo, uvitie kati ya diski na bati penye skrubu. Mvumo utapungua.

Nne, mashine nyingi huruhusu mwendo wa feni kupunguzwa katika mipangilio ya kuwashia. Punguza kidogo kidogo, ukiangalia joto la prosesa kwa programu. Likibaki chini ya digrii 80 wakati wa kazi nzito, huna sababu ya kuogopa.

Jinsi ya kuchagua sokoni

Ikiwa baada ya hayo yote sanduku bado halifai, twende sokoni. Lakini kwanza tuelewe bei. Bidhaa zetu nyingi hununuliwa Dubai au Guangzhou, hupita bandari ya Mombasa, kisha kwa lori hadi Kampala, Kasindi, Beni, ndipo Butembo. Mizigo mingi ya namna hii hulipiwa kwa nafasi ijazayo. Na sanduku tupu ni nini? Ni upepo uliozungushiwa bati! Hivyo mnunuzi hulipa nauli ya upepo kutoka ng'ambo. Ili bei isipande mno, mwenye kiwanda hupunguza unene wa bati. Hii ndiyo sababu sanduku jipya la bei ndogo mara nyingi ni jembamba kuliko sanduku kuukuu la ofisi lililotoka Ulaya.

Kwa hiyo lisidharauliwe sanduku lililotumika. Litazame hivi:

1. Linyanyue. Sanduku zito la chuma halitetemeki upesi. Bati la nusu milimita ni jembamba. La milimita 0.8 ni zuri.

2. Ligonge ubavuni kwa kidole. Likilia kama debe, ndivyo litakavyolia nyumbani. Likijibu kwa sauti fupi na nzito, ni afadhali.

3. Tazama matundu ya feni. Yafaa liwe na nafasi ya feni ya milimita 120 mbele na nyingine nyuma. Uso wa mbele uwe na wavu au nafasi pana za kupitisha hewa, usiwe ukuta mtupu.

4. Pima. Tangu mwaka 1995 kuna vipimo vya pamoja viitwavyo ATX, vilivyotolewa na kampuni ya Intel. Ubao mkuu mkubwa wa namna hiyo una milimita 305 kwa 244, na mdogo wake una 244 kwa 244. Kisanduku cha umeme kina upana wa milimita 150 na kimo cha 86. Chukua futi mfukoni. Mashine nyingi za ofisi za Dell na HP zina vipimo vyao wenyewe. Hizo zinunue zikiwa nzima, si ganda lake peke yake.

5. Hakikisha bavu zote mbili zipo, zinafunga sawasawa, na miguu ya mpira haijapotea.

Tena, msidanganywe na taa. Siku hizi kuna masanduku ya kioo yenye feni za rangi zote, na vijana huyapenda. Taa hazipozi kitu. Kioo kikiwa mbele, huzuia hewa, na feni hulazimika kukimbia. Yako makampuni yanayotengeneza masanduku tulivu kwa kweli, kama Fractal Design ya Sweden na be quiet! ya Ujerumani, lakini bei zake si za mshahara wa mwalimu.

Dola arobaini zitumikeje?

Tuseme mzazi ametenga dola 40. Zipangwe kwa utaratibu huu. Kwanza anunue feni moja au mbili za milimita 120, iwapo sanduku lake lina nafasi. Pili, abadilishe diski izungukayo kwa ile iitwayo SSD, isiyo na kitu kizungukacho ndani yake. Hiyo haina sauti kabisa, na mashine huamka upesi. Sanduku lije mwisho, tena likiwa la zamani na zito. Anayeanza na sanduku huweka feni ile ile na diski ile ile katika nyumba mpya, na kelele huhamia pamoja nazo.

Na yule asiye na mashine bado, anunue ya ofisi iliyotumika, yenye prosesa ya umeme mdogo, watu 65 badala ya 125 — nasema wati, kipimo cha umeme. Moto mdogo huhitaji upepo mdogo. Wenye umeme wa jua watafaidi mara mbili.

Maonyo matatu

Usibandike sponji ya godoro ndani ya sanduku. Hushika moto upesi, na huzuia joto kutoka. Soksi nyembamba ya nailoni mbele ya feni iingizayo hewa yafaa kuchuja vumbi, mradi ifuliwe mara kwa mara.

Usifungue kile kisanduku cha umeme, hata waya ukiwa umeondolewa. Ndani yake umeme hubaki umehifadhiwa, nao waweza kukudhuru vibaya.

Wala usizime feni kabisa kwa kutafuta kimya. Prosesa hujilinda kwa kupunguza mwendo, lakini viungo vingine vitaungua polepole, na mashine itakufa siku ya kazi nyingi.

Shule ya msingi ya umma imetangazwa kuwa bure tangu mwaka 2019, lakini wenye watoto wa sekondari wajua uzito wa minerval. Dola ishirini zilizookolewa kwa kuacha sanduku la kioo na taa zina mahali pa kwenda. Na mtoto atakayesoma usiku bila mvumo masikioni atakuwa amepata faida mbili kwa fedha ya moja.