Utunzaji wa nywele zilizotiwa rangi wakati wa joto

Utunzaji wa nywele zilizotiwa rangi wakati wa joto ni jumla ya hatua zinazochukuliwa ili nywele zilizopakwa rangi kwa kemikali zisichujuke, zisipauke, zisitimke wala kukatika katika miezi yenye jua kali na hewa yenye unyevu. Katika nchi za Ulaya suala hili huhusishwa na majira ya joto, yaani Juni hadi Agosti. Katika pwani ya Afrika Mashariki miezi migumu zaidi ni ile ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ambapo joto la mchana mara nyingi huzidi nyuzi 30 za Selsiasi na hewa ya bahari hubeba unyevu mwingi.

Msingi wa utunzaji huu ni kwamba sehemu ya unywele inayoonekana nje ya ngozi haina seli hai. Ngozi ikichubuka hupona, lakini unywele ulioharibika haujitengenezi tena. Kwa sababu hiyo kinga ina umuhimu kuliko tiba. Nywele za kichwani hurefuka kwa takriban sentimita 1 kila mwezi, hivyo ncha ya unywele wenye urefu wa sentimita 30 imekwisha kupitia jua, maji na machanuo ya zaidi ya miaka miwili.

Muundo wa unywele

Unywele huota kutoka kwenye kinyweleo kilicho ndani ya ngozi. Sehemu yake kubwa ni protini iitwayo keratini. Tabaka la nje, yaani kutikula, limeundwa na magamba bapa yanayolaliana kama vigae vya paa, yote yakielekea upande wa ncha. Juu ya magamba hayo kuna utando mwembamba sana wa mafuta ambao huufanya unywele uteleze na kuyazuia maji yasipenye kwa urahisi. Chini ya magamba kuna koteksi, ambayo huupa unywele nguvu na ndiyo yenye melanini, yaani rangi ya asili. Nywele nene huwa pia na tabaka la tatu katikati, liitwalo medula.

Nyuzi za keratini hushikamana kwa vifungo vya aina mbalimbali. Vifungo vya sulfuri ni imara na huvunjwa na kemikali kali au mionzi. Vifungo vya hidrojeni ni dhaifu: huachana kila unywele unapolowa na kuungana tena unapokauka.

Umbo la unywele pia lina athari. Unywele wa singa ni wa mviringo na hunyooka, kwa hiyo mafuta ya ngozi huteremka juu yake bila shida. Unywele wa kipilipili ukikatwa na kutazamwa kwa hadubini huonekana bapa kidogo, na hujisokota mara nyingi. Mafuta ya ngozi hayafiki kwenye ncha zake kwa urahisi, na kila mahali unapojipinda ni mahali unapoweza kukatika. Hii ndiyo sababu nywele za kipilipili zilizotiwa rangi huhitaji uangalizi zaidi.

Jinsi rangi inavyobadilisha unywele

Rangi za muda hukaa juu ya magamba na huondoka kwa kuoshwa mara moja au chache. Rangi za nusu kudumu huingia kidogo tu na huchujuka baada ya wiki kadhaa. Hina, inayotokana na majani ya mhina (Lawsonia inermis), hushikamana na keratini bila kuufungua unywele kwa kemikali kali.

Rangi ya kudumu hufanya kazi kwa njia nyingine. Amonia, au alkali nyingine inayotumika badala yake, huufanya unywele uvimbe na magamba yake yainuke. Peroksidi ya hidrojeni huingia ndani, hupunguza melanini na kuziunganisha molekuli ndogo za rangi ziwe kubwa kiasi cha kutoweza kutoka kwa urahisi. Mwaka 1907 mkemia Mfaransa Eugène Schueller alitengeneza rangi ya nywele ya kisanisi aliyoiuza kwa wasusi wa Paris. Mwaka 1909 alianzisha kampuni ambayo baadaye ilikuja kuitwa L'Oréal.

Blichi hutumia kemikali za namna hiyo kwa nguvu zaidi, kwa kuwa lengo lake ni kuiondoa melanini. Kadiri nywele zinavyohitaji kuwa nyeupe, ndivyo uharibifu unavyoongezeka.

Upakaji wa rangi ya kudumu na blichi huacha athari tatu: utando wa mafuta wa juu hupungua, magamba hayalali tena sawasawa, na baadhi ya vifungo vya sulfuri huvunjika. Unywele wa namna hiyo hunyonya maji haraka na kuyapoteza haraka. Jua na maji ya msimu wa joto huukuta ukiwa tayari umepoteza sehemu ya ngao yake.

Visababishi vya uharibifu wakati wa joto

Jua. Mionzi ya urujuanimno huvunja protini za unywele na kuzichuja molekuli za rangi. Melanini hunyonya sehemu ya mionzi hiyo na kuilinda keratini, hivyo nywele zilizopauliwa kwa blichi zimepungukiwa na kinga hiyo. Karibu na ikweta mionzi ya adhuhuri huwa mikali karibu mwaka mzima. Kwa hiyo mkazi wa Mombasa au Dar es Salaam hawezi kutegemea majira ya baridi yamletee nafuu kama mkazi wa Ulaya.

Unyevu wa hewa. Unywele hubadilika urefu kulingana na unyevu wa hewa: kutoka hewa kavu kabisa hadi hewa iliyojaa maji hurefuka kwa takriban asilimia 2. Mwaka 1783 Horace-Bénédict de Saussure, mwanasayansi wa Geneva, alieleza kifaa cha kupimia unyevu kilichotumia unywele wa binadamu. Jambo hilohilo ndilo linalofanya nywele ziwe timtim. Unywele ulioharibika hunyonya mvuke bila usawa, upande mmoja huvimba kuliko mwingine, na vifungo vya hidrojeni huungana katika umbo jipya. Nywele zilizonyooshwa asubuhi kwa pasi hutimka kabla ya jioni.

Maji ya bwawa la kuogelea. Klorini huchuja rangi na kukausha nywele. Rangi ya kijani inayoonekana kwenye nywele nyeupe za waogeleaji mara nyingi hudhaniwa kuwa inatokana na klorini, lakini chanzo chake ni shaba. Shaba hutoka katika dawa za kuua mwani au katika mabomba, nayo hushika zaidi kwenye nywele zilizopitia blichi.

Maji ya bahari. Maji yakikauka kichwani huacha chembe za chumvi. Chembe hizo huongeza msuguano kati ya unywele na unywele, nazo nywele hukwaruzana na kufungana mafundo.

Maji magumu. Maji ya visima vingi yana kalisi na magnesi kwa wingi. Madini hayo hugandamana juu ya nywele, huzifanya ziwe kavu na ngumu, na huzuia povu la sabuni.

Vifaa vya moto. Pasi ya nywele na draya huongeza joto juu ya lile la hali ya hewa. Kupiga pasi nywele mbichi ni hatari zaidi, kwa kuwa maji yaliyomo ndani hugeuka mvuke ghafla na kuupasua unywele.

Namna za kinga

Kufunika kichwa. Kofia pana, kilemba, mtandio au kanga huzuia mionzi vizuri kuliko kipodozi chochote. Kitambaa kilichofumwa kwa kushikamana na chenye rangi iliyokoza hupitisha mionzi kidogo zaidi kuliko chepesi cheupe. Kufunika hulinda pia ngozi ya kichwa, hasa kwenye njia za nywele zilizosukwa, ambako jua hupiga moja kwa moja.

Kulowesha kabla ya kuogelea. Unywele uliokwisha kunywa maji safi hunyonya maji machache ya bwawa au ya bahari. Kwa hiyo nywele huloweshwa kwanza kwa maji ya kawaida, kisha hupakwa kondishona au mafuta, na mwisho huvikwa kofia ya kuogelea. Baada ya kutoka majini husuuzwa mara moja kabla hazijakauka.

Kupunguza kuosha. Kila uoshaji, hata wa maji matupu, huondoa rangi kidogo. Shampuu laini isiyo na alkali nyingi hufaa zaidi, kwa sababu alkali huyainua magamba na kuongeza msuguano. Sabuni ya mche, ambayo ni ya alkali, haifai kwa nywele zilizotiwa rangi. Panapokuwa na maji magumu au shaba, shampuu yenye EDTA huweza kutumiwa mara mojamoja kuondoa madini.

Kondishona. Sehemu za unywele zilizoharibika huwa na chaji hasi. Viambato vikuu vya kondishona vina chaji chanya, kwa hiyo hushika zaidi palipoharibika, huyalaza magamba na kupunguza msuguano. Silikoni, kama vile dimethikoni, huufunika unywele kwa utando unaopunguza kasi ya mvuke kuingia. Gliserini huvuta unyevu kutoka hewani; katika miezi ya kaskazi kipodozi chenye gliserini nyingi huweza kuongeza kutimka badala ya kukupunguza.

Mafuta ya nazi. Mafuta haya, yanayotumika tangu zamani katika pwani ya Afrika Mashariki na katika Bahari ya Hindi kwa jumla, yana asidi ya lauriki ambayo molekuli zake ni ndogo na nyoofu. Utafiti wa Rele na Mohile uliochapishwa mwaka 2003 uliyalinganisha na mafuta ya alizeti na mafuta ya madini, na ni mafuta ya nazi pekee yaliyopunguza kwa kiasi kikubwa upotevu wa protini za unywele. Hupakwa kwa uchache kabla ya kuosha, ili unywele usivimbe mno unapolowa.

Kukausha na kuchana. Nywele mbichi huvutika na kukatika kwa urahisi. Hukamuliwa taratibu kwa kitambaa laini bila kusuguliwa, kisha huchanwa kwa chanuo lenye meno mapana, kuanzia kwenye ncha na kupanda kuelekea kwenye ngozi. Pasi ikilazimika, hutumiwa kwa joto la chini juu ya nywele kavu zilizopakwa kinga ya joto. Usiku, kitambaa cha satini kichwani hupunguza msuguano na foronya.

Rangi pamoja na dawa ya kulainisha

Dawa za kulainisha nywele za kipilipili, hasa zenye hidroksidi ya sodiamu, ni alkali kali na huvunja vifungo vya sulfuri. Rangi ya kudumu ikiongezwa siku hiyohiyo, unywele hushambuliwa mara mbili na huweza kukatikia kwenye shina. Wasusi wengi hutenganisha kazi hizo mbili kwa wiki 2 au zaidi, na hawaweki blichi kabisa juu ya nywele zenye dawa kali. Hina iliyochanganywa na chumvi za metali ni hatari nyingine, kwani metali hizo zikikutana na peroksidi ya hidrojeni hutoa joto na kuuharibu unywele. Kwa sababu hiyo msusi huuliza kwanza nywele zimepakwa nini miezi iliyopita.

Tahadhari za kiafya

Rangi nyingi za kudumu, hasa nyeusi, zina parafenilenidiamini, kwa kifupi PPD, ambayo husababisha mzio kwa baadhi ya watu. Dalili zake ni mwasho, malengelenge na uvimbe wa uso au kope. Katika Umoja wa Ulaya kiasi chake hakiruhusiwi kuzidi asilimia 2 ya mchanganyiko unaopakwa kichwani. Katika pwani ya Afrika Mashariki watu huikuta pia katika piko, yaani nakshi nyeusi za mwilini ambazo mara nyingi huchorwa kwa unga wa rangi ya nywele. Aliyewahi kuwashwa na piko huweza kupata mzio mkali zaidi siku atakapopaka rangi nywele.

Kwa hiyo rangi hujaribiwa kwa kupaka tone dogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko saa 48 kabla ya matumizi, hata kwa mtu aliyeitumia zamani bila tatizo. Haipakwi kwenye ngozi yenye vidonda au iliyoungua na jua. Uvimbe wa uso au shida ya kupumua baada ya kupaka rangi huhitaji kwenda hospitali mara moja.

Nywele zilizokwisha kuharibika

Hakuna kipodozi kinachounganisha tena kabisa ncha iliyopasuka. Kondishona na silikoni huigandisha kwa muda tu, hadi uoshaji unaofuata. Ufa ukiachwa hupanda juu ya unywele, hivyo ncha hukatwa kidogo kila baada ya miezi michache. Anayetaka kuendelea na rangi hupaka sehemu iliyoota upya peke yake, bila kuirudisha dawa kwenye urefu uliokwisha kupakwa. Nywele zikikatika kwa wingi, upakaji husitishwa mpaka nywele mpya ziote. Iwapo zinang'oka na mizizi, au ngozi ya kichwa inauma au ina mabaka, tatizo haliko kwenye unywele pekee bali kwenye vinyweleo, na linahitaji kuchunguzwa na daktari wa ngozi.